Kaburi la Pumzi

Kitu ukikitupa, kinakwenda wapi? Watu wa nchi ile hawakuliuliza swali hilo. Hakuna sheria iliyowakataza. Ilikuwa adabu tu, kama vile mtu mzima asivyomuuliza mgeni amekwenda kufanya nini uani. Taka zimekwenda mbali, basi. Lakini Semeni, ambaye mshahara wake ulitoka katika kuchora huko mbali, alijua jambo ambalo wenzake walijitahidi kutolijua: mbali ni mahali kama pengine popote. Pana njia ya kupafikia, pana udongo, na kunapopambazuka kuna mtu anafagia mlango wake pale.

Tuseme kunapopambazuka kwa mazoea ya kusema, maana usiku ulikuwa umekwisha katika nchi ile. Hakuna aliyekumbuka ulikwisha lini. Matanuri ya saruji, ya chuma na ya mbolea yaliwaka bila kupumzika, mwanga wake ukapanda ukashika mbingu, giza likakosa pa kushukia, likaacha kuja. Watu walilala walipochoka. Mwaka nao haukuja wenyewe, ulitangazwa. Kijana aliweza kuingia kikaoni na ndevu changa akatoka na mvi, na wenzake wakampongeza kwa uvumilivu. Na matanuri yalivyowaka ndivyo yalivyopumua, na pumzi yao, ile ambayo wataalamu huiita hewa ukaa, iliijaza nchi mpaka joto likapanda na mvua ikapotea njia. Ndipo ikaundwa Mamlaka ya Pumzi. Mamlaka haikuyazima matanuri, kwani nani azime tanuri linalomlisha? Ilisema: tutaikamata pumzi pale pale inapotoka, tutaikandamiza mpaka iwe nzito kama maji, tutaisafirisha kwa mabomba, tutaizika ardhini isionekane tena. Watu walipiga makofi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walikuwa wakisema wazee, lakini wazee wa namna hiyo walikuwa wamekwisha kustaafishwa.

Kazi ya Semeni ilikuwa kuchora mazishi hayo. Kila tanuri lilitoa bomba jembamba. Mabomba membamba yaliungana yakawa manene. Manene yaliungana yakawa moja, shina lenyewe, lililokwenda kuzama katika kisima kirefu. Alipoutazama mchoro wake ukutani aliona mti uliopinduliwa, matawi yake kwa matajiri, mizizi yake kwa maskini. Ulikuwa mchoro mzuri. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba ulikuwa mzuri, na kwamba aliupenda kama mtu anavyompenda mtoto wake mwizi.

Kisima kilichimbwa Bondeni. Haki isemwe: mwamba wa Bondeni ulifaa. Ulikuwa na matundu kama mkate wa kumimina, na juu yake ulifunikwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi lililokaza. Lakini mwamba wa namna ile ile ulikuwapo chini ya Vilima, walikokaa wenye matanuri, na Semeni alijaribu kwanza kulielekeza bomba huko. Mstari ulipinda. Alibadilisha kalamu, akabadilisha karatasi, akashika rula kwa mikono miwili. Mstari ulifika chini ya Vilima ukasita, ukajikunja, ukashuka Bondeni wenyewe. Mwenye nguvu mpishe, na wino ulikuwa umelijua hilo kabla yake. Kwenye ramani ya Mamlaka, pale Bondeni, palikuwa pameandikwa neno moja: tupu. Semeni alizaliwa katikati ya neno hilo. Mama yake, Bi Chausiku, alikuwa bado anaishi humo, anapika, anafuga kuku, na anagombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba la mihogo.

Ofisini hawakumwita kwa jina la Semeni. Mlango wa chumba chake ulikuwa na jina la aliyekikalia kiti kabla yake, Mhandisi Pazi, na kwa kuwa kubadilisha kibao kulihitaji kikao, na vikao vilizeesha watu, kibao kiliachwa. Mwanzoni alisahihisha. Halafu aliitika. Halafu siku moja alipiga chafya akasikia chafya ya mwanamume, yeye mwanamke, akaenda kwenye kioo cha msalani na kukuta uso ambao ulikuwa wake kwa sehemu tu, sehemu nyingine ikiwa ya kiti. Alijiuliza kama mtu ni yule anayefanya kazi au ni ile kazi inayomfanya mtu. Alinawa mikono, akarudi kuchora, na michoro ilitoka vizuri zaidi kuliko awali.

Sasa lije kosa lenyewe, maana kulikuwa na kosa, na lilikuwa la mkono wake.

Pumzi iliyozikwa inaweza kufufuka. Bomba linaweza kupasuka, kifuniko cha mfinyanzi kinaweza kuachia, na kwa kuwa pumzi ile haina rangi wala harufu, Mamlaka iliagiza mashine za kuinusa. Ofisini waliziita pua. Pua ikiinusa pumzi hupiga king'ora, na watu hukimbia. Swali lilikuwa moja dogo: pua zifungwe kimo gani? Semeni aliandika bila kuinua kichwa: nje, kimo cha uso wa mtu aliyesimama; ndani ya nyumba, kimo cha mtu aliyelala kitandani. Mwongozo ulisema hivyo. Mwongozo ulitoka nchi ambayo watu wote wana vitanda, hata mbwa. Na yeye mwenyewe, tangu aje mjini, alikuwa hajalala chini hata mara moja.

Alikuja kushtuka kwenye msiba wa karani mmoja wa Mamlaka. Ulikuwa msiba wa kimjini: turubai, viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, maji ya chupa. Alikaa kwenye kiti chake akasikia kitu hakiko sawa magotini, kama mtu aliyepanda ngazi akakanyaga kipandio ambacho hakipo. Magoti yalikuwa yanataka kukunjika. Yalikumbuka kile ambacho mkono ulikisahau. Bondeni msiba hulaliwa chini. Mtu akifa, magodoro hutolewa nje, majirani na ndugu huja na mikeka yao, na wote, wake kwa waume, mwenye nyumba ya bati na asiye na nyumba, hulala sakafuni mpaka matanga yaanuliwe. Na pumzi ile ni nzito kuliko hewa. Haipandi kama moshi. Hutambaa, hutafuta penye chini, na ikipapata hujilaza. Pua zingebaki juu, kimo cha kitanda, zikinusa hewa safi, huku chini yake Bondeni yote imelala ubavu kwa ubavu na kifo.

Na msiba haukosi. Hilo ndilo jambo la pekee ambalo nchi ile haikuhitaji kulitangaza.

Alikwenda kwa Mkuu wa Mamlaka. Mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na kila ulipomtazama alikuwa na umri mwingine. Siku hiyo alikuwa kijana. Semeni alieleza yote: mikeka, sakafu, uzito wa pumzi. Aliomba pua zishushwe mpaka chini kabisa, na pampu ya kuisukuma pumzi kisimani isiwashwe mpaka zishushwe. Mkuu alisikiliza huku akipangusa meza iliyokuwa safi.

"Mhandisi Pazi," alisema, "tuliandika kwamba Bonde ni tupu. Mahali patupu hapana msiba. Nikisema leo pana watu wanaolala chini, nitaulizwa walitoka wapi."

"Mama yangu yuko huko, Mkuu."

"Mama yake Pazi alifariki zamani. Mimi nilikwenda kuzika."

Semeni alijua angepaswa kusema jina lake, alitaje hapo hapo mezani, na alifungua kinywa, lakini lililokuja ulimini lilikuwa jina la kibaoni. Mkuu akamhurumia. Alisema yeye si mtu mbaya, na pengine kweli hakuwa. Watu wabaya wanahitaji juhudi. Alisema kushusha pua ni kukiri kwamba mchoro ulikosea, na mchoro hauwezi kukosea kwa kuwa umekwisha kupitishwa. Lakini lipo jambo jepesi. Kama watu hawalali kwenye kimo cha mchoro, basi watu wapandishwe.

Ndivyo vitanda vilivyokwenda Bondeni. Malori yaliteremka kwa msururu yamebeba vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi ya kijani, na kila nyumba ilipewa. Semeni alifuata nyuma kwa gari la ofisi, kwa barabara ile ambayo ilikuwa inateremka wakati wa kwenda na inateremka tena wakati wa kurudi. Watu wa Bondeni hawakatai zawadi. Walishukuru, wakashangilia kidogo, wakaanza kuvitafutia kazi. Waliokuwa na mihogo ya kukausha waliianika juu yake, kuku wasiipate. Wengine waligeuza kitanda kikawa geti la zizi. Mmoja aliyekuwa na akili ya biashara alifungua mgahawa, wateja wakikaa kitandani wakinywa chai. Wengine walivilalia pia, kwa nini wasivilalie, na wakasema mgongo umepona.

Bi Chausiku alikipokea chake, akakitandika vizuri, akalala juu yake. Semeni alipomwona hivyo alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, akamwambia sasa kitu kimoja tu: hata pakiwa na msiba, mama, msishuke. Akamweleza habari ya pumzi, polepole, kwa maneno ya nyumbani. Mama yake alielewa vizuri kuliko Mkuu. Aliuliza hata maswali ya maana: ikitambaa, inapita chini ya mlango? Moto unafanyaje? Semeni alimwambia moto huzimika wenyewe. Bi Chausiku akatikisa kichwa kwa muda.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini mfiwa halali kitandani, mwanangu. Jirani yangu yuko chini ardhini, leo ni mara yake ya kwanza kulala huko, na mimi nimpandie juu? Akigeuka atanitafuta wapi?"

"Kwa hiyo mfe wote?"

"Wewe ndiye uliyeileta hiyo pumzi. Iambie yenyewe isitambae."

Hakusema kwa ukali. Alisema akiwa anachambua mchele, kisha akamuuliza kama huko mjini anakula. Semeni aliondoka na hasira ambayo hakujua amwekee nani. Amwekee mama yake, kwa ukaidi? Amwekee Mkuu, kwa upole? Njiani aliifikiria ile desturi na akaona kwamba haikuwa ujinga hata kidogo. Ilikuwa ndiyo elimu ya pekee Bondeni iliyokuwa nayo juu ya usawa: siku ya kifo wote tunashuka kimo kimoja. Na yeye, msomi, alikuwa amechora nchi ambayo usawa huo unaua. Aliichukia kalamu yake siku nzima, na siku ya pili akaijaza wino.

Pampu iliwashwa kwa sherehe. Mwaka ukatangazwa, ukatangazwa mwingine. Bondeni akafa Mzee Kondo, fundi wa kushona magunia, kwa uzee wake mwenyewe na bila lawama ya mtu. Vitanda vilitolewa nje, mikeka ikatandikwa.

Semeni alikuwa katika ukumbi wa Mamlaka, mbele ya ukuta wenye mishale inayoonyesha shinikizo ndani ya mabomba, alipouona mshale wa shina ukiinama. Uliinama kidogo tu, kwa staha, ishara kwamba mahali fulani pana ufa na pumzi inavuja. Aliamuru vali ifungwe, akaambiwa amri hiyo inahitaji sahihi ya Mhandisi Pazi. Akasaini Pazi, kwa mara ya kwanza akishukuru kuwa yeye, na vali ikafungwa. Kisha alikimbia. Gari lilikataa kuwaka, akalitupa, akakimbia kwa miguu, na barabara ya Bondeni ambayo siku zote iliteremka sasa ilipanda.

Kimbia. Wamelala? Ni mchana. Saa zote ni mchana. Wafiwa hulala mchana, wamekesha. Nani amekesha katika nchi isiyo na usiku? Mama hukesha. Mama anajua usiku ulipo. King'ora hakilii. Kisipolia ni kheri. Kisipolia si kheri, wewe ndiye uliyekifunga juu, wewe, mkono huu. Mkono wa nani? Wa Pazi. Pazi hakuzaliwa Bondeni. Basi nani anakimbia?

Alifika. Palikuwa kimya, kimya kizuri kabisa. Kwenye kuta za nyumba ya Mzee Kondo pua zilikuwa zinawaka taa zake za kijani, maana yake hewa ni salama, na kwenye kimo chake ilikuwa salama kweli. Chini, juu ya mikeka, watu walikuwa wamelala kwa upande wa kulia kama inavyopendeza kulala, mikono chini ya mashavu. Shangazi yake Tatu alikuwa amemfunika mtoto wa jirani kwa pindo la kanga. Hawakuwa na hofu usoni. Hakuna aliyewaamsha waogope.

Mama yake alikuwa amesimama uani. Alikuwa ameamka kuchochea moto wa chai, moto ukazimika, akawasha, ukazimika, akainuka kwenda kutafuta kiberiti kingine, na kule kuinuka ndiko kulikomwokoa. Alikuwa bado amekishika kiberiti. Alimtazama mwanawe akija na hakulia. Alimwambia tu kwamba moto umekataa, kama Semeni alivyomwambia. Semeni alitaka kumkumbatia, na mama yake akajiachia akumbatiwe, mikono yake ikining'inia.

Msiba wa mmoja ukawa wa wengi. Waliobaki Bondeni walizika, na walipomaliza kuzika walifanya kile ambacho watu wa Bondeni hufanya: walikusanya mikeka iliyobaki, wakaitandika uwanjani mwa Bi Chausiku, wakakaa matanga.

Mamlaka ilileta ujumbe wa rambirambi. Mkuu alikuja mwenyewe, siku hiyo akiwa mzee sana, amevaa shati jeupe na viatu vya kung'aa. Ndani ya gari alimpanga Semeni. Matanuri hayajazimwa, alimweleza, na pumzi inaziba koo za mabomba. Lazima pampu iwashwe leo. Bonde lazima litulie. Watu hawa hawatamwamini Mkuu, lakini watamwamini mtoto wao. Semeni aliuliza kama ufa umepatikana. Mkuu alisema unatafutwa. Aliuliza kama pumzi imekwisha kutoka bondeni. Mkuu alisema itatoka, upepo ukija. "Waambie pako salama," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamwita kwa jina lake. "Waambie, Semeni."

Walishuka. Wenyeji wakasogea, wakawatandikia mikeka mipya, ile isiyolaliwa, kwa heshima. Mkuu alitoa pole. Alisema kilichotokea ni kudra, kwamba wataalamu wamechunguza, kwamba Bondeni ni salama na kila mtu arejee kulala kama kawaida yake. Alizungumza vizuri. Watu waliitikia tumepoa, tumepoa. Kisha, kama ilivyo ada, Bi Chausiku akawakaribisha wakae.

Hakuna aliyekaa. Maofisa walitazama mikeka, wakatazamana. Mmoja akasema ana mgongo. Mwingine akauliza kama pana kiti. Mkuu akatabasamu, akasema hatutakaa sana, mama, tuna safari, na akamsogeza Semeni mbele kwa kumgusa bega: huyu hapa binti yenu, mhandisi wenu, atawathibitishia.

Semeni akafungua kinywa. Bi Chausiku akainua mkono.

"Maneno tumeyasikia, mwanangu," alisema. "Usiseme kitu. Kaa tu hapa nami."

Akapapasa mkeka ubavuni pake.

Mkeka mmoja, na mama juu yake. Semeni akajiamuru akae. Akikaa, watalala. Wakilala, pampu itawashwa, na ufa haujapatikana, na huyu aliyeketi hapa hatainuka mara ya pili kutafuta kiberiti. Asipokaa, amemwaibisha mama yake mbele ya watu, amekataa mkeka wa msiba, jambo ambalo Bondeni halifanywi hata na adui. Aliyajua yote hayo. Baadaye angependa kusema kwamba ndiyo yaliyomsimamisha, kwamba alikataa kukaa ili awaokoe. Si kweli. Aliutazama mkeka, akaiona pumzi pale asipoweza kuiona, na akaogopa kufa. Magoti yalikaza. Alibaki amesimama katikati ya maofisa waliosimama, mrefu kama wao.

Bi Chausiku alimtazama miguuni, si usoni. Alitazama kwa muda wa kutosha kuelewa. Kisha akainuka, akashika ncha ya mkeka alioukalia, akaanza kuukunja. Mwanamke mwingine akamwangalia, akainuka naye. Matanga hayaanuliwi hivyo, bila dua na bila wakati wake, lakini hakuna aliyeuliza. Mikeka ilikunjwa mmoja mmoja, watoto wakabebwa mgongoni, na watu wakaanza kuelekea kwenye barabara, wengine bila hata kuingia ndani kuchukua sufuria. Mkuu alikuwa akisema jambo kuhusu utulivu.

Ulibaki mkeka mmoja. Bi Chausiku aliurudia, akainama, akauvuta, ukakataa kuja. Akauvuta tena. Ndipo alipomwinulia mwanawe macho, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, ile anayopewa mgeni kutoka serikalini.

"Sogea kidogo, mheshimiwa," alisema. "Umekanyaga mkeka."